Zinki Inapotoroka

Tarumbeta langu limeota madoa mekundu mdomoni, pale sauti inapotokea. Nilidhani ni kutu. Kumbe kutu ni ya chuma. Hapa ni zinki inatoroka na kuacha shaba nyekundu peke yake.

Na zinki haijaanza leo hizi tabia. Katika karne ya 17, mafundi wa Nuremberg, Ujerumani, walisifika Ulaya kwa matarumbeta ya shaba ya manjano. Shaba hiyo ilipatikana kwa kuchoma vipande vya shaba nyekundu pamoja na makaa na mawe yenye zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, kabla shaba haijayeyuka kwenye 1085. Basi iligeuka mvuke, ikapenya ndani ya shaba kimyakimya. Mwaka wa 1738 ndipo William Champion wa Bristol alipopata hataza ya kuitoa kwenye mawe yake, jambo ambalo Wahindi wa Zawar walilijua karne nyingi kabla yake.

Leo midomo mingi ya tarumbeta ni shaba asilimia 70, zinki 30. Yangu inapungukiwa. Jamaa wa vyuma vikuukuu anataka kulipima kwa kilo. Sijamjibu bado. Jumamosi tuna harusi.