Meli Zilizokuja kwa Vipande

Barabara ya kutoka Sumbawanga hupita Matai, kisha huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg. Chuma hakikuwa kigeni huku. Wafipa walikiyeyusha kwa vizazi vingi katika matanuri marefu yaitwayo malungu, wakafua majembe na mikuki. Mabamba ya meli na injini, hayo yalitoka Ulaya yakiwa vipande, na kuviunga kuliwashinda baadhi ya walioianza kazi hiyo.

Stima ya Good News ya wamisionari wa London ililetwa kwa njia ya Zambezi, Shire na Ziwa Nyasa, kisha ikachukuliwa vichwani mwa wapagazi hadi kusini mwa Tanganyika. Mhandisi James Stewart, aliyesimamia barabara ya kuipitisha, alikufa mwaka 1883. James Roxburgh akaishusha majini mwaka 1885, naye akafa mwaka huohuo, kabla kazi ya injini haijakwisha. Akaja Alexander Carson kumalizia.

Ziwa hili linaonyesha jambo la kawaida: mrithi wa kazi huanza na hali ya vitu alivyoachiwa.

Hilo linaonekana wazi kwa meli ya Kijerumani Graf von Goetzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli. Waliotumwa kuiunga upya walikuwa mafundi watatu tu wa Papenburg, wakisaidiwa na vibarua wengi wa Kiafrika. Iliingia majini Februari 1915.

Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walirudi nyuma mbele ya Wabelgiji. Wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, lakini kwanza mafundi walipaka mitambo grisi nzito. Waliizamisha huku wakijiandaa kuiibua! Hawakurudi.

Wabelgiji waliiinua, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaanza upya, wakaifikisha juu Machi 1924, na kukuta mitambo na boila bado vinafaa. Ukarabati ulichukua miaka mingine mitatu. Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo mvumbuzi Livingstone aliliandika mwaka 1867 aliposikia wenyeji wa kusini wakiliita ziwa hivyo.

Kwa watu wa Ufipa, kazi ile ya Kigoma ilimaanisha usafiri. Liemba ilitia nanga Kipili na Kasanga ikielekea Mpulungu, Zambia. Kwa miaka mingi mahali pasipo na gati mitumbwi iliifuata kilindini, abiria wakapandishwa pamoja na magunia ya mahindi na dagaa wakavu.