Jinsi dhiki ya utotoni humfanya mnyama kuvutiwa na dawa za kulevya

WAHENGA walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa miongo kadhaa sasa, wanasayansi wamekuwa wakiupima ukweli wa usemi huo kwa kuwachunguza panya na tumbili waliotenganishwa na mama zao wakingali wachanga, kisha wakapewa pombe au kokeini baada ya kukomaa.

Tafiti hizo zimeonyesha kwamba mnyama aliyepitia dhiki utotoni aghalabu hutumia vileo kwa wingi kuliko mwenzake aliyelelewa kwa utulivu. Hata hivyo, zimebainisha pia kuwa athari hizo zinaweza kupunguzwa iwapo mazingira yake yatabadilishwa.

Tumbili waliokosa mama

Mojawapo ya tafiti zinazotajwa sana ilichapishwa mwaka wa 1991 na wanasayansi wa Marekani wakiongozwa na J. Dee Higley. Walitumia tumbili aina ya rhesus, ambao asili yao ni bara la Asia. Kundi moja lililelewa na mama kwa miezi sita ya kwanza, ilhali kundi la pili lililelewa na tumbili wa rika lao pekee, bila mkubwa wa kuwatunza.

Tumbili hao walipofikisha umri wa takriban miaka minne, waliwekewa kinywaji chenye pombe kilichotiwa utamu. Waliokosa malezi ya mama walikunywa zaidi. Isitoshe, damu yao ilikuwa na kiwango cha juu cha kortisoli, homoni ambayo huongezeka mwili unapokabiliwa na mfadhaiko.

Kisha watafiti wakawatenga tumbili wote na wenzao. Hapo ndipo waliolelewa na mama walipoongeza unywaji hadi wakakaribia kulingana na wale wengine. Funzo lake ni kwamba malezi mema humkinga mnyama, lakini dhiki kubwa ya baadaye inaweza kuipenya kinga hiyo.

Saa moja kwa siku

Kwa panya, mbinu ya utafiti ni tofauti. Mnyama huwekwa katika kizimba chenye wenzo mdogo. Kila anapoubonyeza, kiasi kidogo cha dawa huingia mwilini kupitia mrija uliounganishwa na mshipa wake. Idadi ya mara anazobonyeza humwonyesha mtafiti ukubwa wa hamu yake.

Mnamo mwaka wa 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliripoti kuhusu panya waliotengwa na mama na ndugu zao kwa saa moja tu kila siku, kuanzia siku ya pili hadi ya tisa baada ya kuzaliwa. Walipokomaa, panya hao walijifunza kujipa kokeini kwa haraka kuliko wenzao.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, nao walilinganisha panya waliotenganishwa na mama kwa saa tatu kila siku na wale waliotenganishwa kwa dakika 15 pekee. Mwaka wa 2001 waliripoti kuwa kundi la saa tatu lilipendelea pombe zaidi. Panya hao walipopewa dawa ya kutibu huzuni, unywaji wao ulipungua.

La kushangaza ni kwamba utengano mfupi haudhuru. Tangu miaka ya 1950, mtafiti Seymour Levine alionyesha kuwa panya wachanga wanaoondolewa kwenye kiota kwa dakika chache hukua wakiwa wastahimilivu zaidi. Inaaminika kuwa mama, akirudishiwa watoto wake, huwalamba na kuwashughulikia zaidi ya kawaida.

Yanayotendeka ubongoni

Umuhimu wa kulambwa huko ulifafanuliwa na Michael Meaney na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada. Mwaka wa 2004, walionyesha kuwa panya wasiolambwa vya kutosha hubaki na alama za kikemikali kwenye jeni inayosaidia ubongo kuzima homoni za mfadhaiko. Alama hizo hudumu hadi utu uzima, na mnyama huyo hukawia kutulia baada ya kushtuliwa.

Homoni hizo zina uhusiano wa karibu na dopamini, kemikali ya ubongo inayomsukuma mnyama kutafuta chakula na mambo mengine yanayompendeza. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, waligundua kuwa homoni ya mfadhaiko ikiongezwa mwilini mwa panya, hamu yake ya kujipa dawa za kulevya huongezeka.

Aidha, athari hazifanani kwa majike na madume. Katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, watafiti huwapa panya mama vifaa haba vya kutandika kiota, hali inayowafanya kuwatunza watoto bila mpangilio. Majike waliolelewa hivyo wameonekana kutafuta dawa za jamii ya afyuni kwa bidii zaidi, nao madume hupoteza hamu ya mambo ya kufurahisha, kama vile kucheza.

Matumaini

Mwaka wa 2002, kikundi cha Meaney kilionyesha kuwa panya waliotenganishwa na mama, wakihamishiwa baadaye katika vizimba vipana vyenye wenzao na vitu vya kuchezea, hupunguza ukali wa mwitikio wao kwa mfadhaiko. Nao watafiti wa Ufaransa waliripoti mwaka wa 2008 kuwa mazingira ya aina hiyo yalipunguza mvuto wa kokeini hata kwa panya waliokwisha kuizoea.

Binadamu si panya, na maisha yake yana mengi yasiyoweza kuwekwa kizimbani. Hata hivyo, utafiti wa maelfu ya watu wazima uliofanywa California na kuchapishwa mwaka wa 1998 ulielekea upande uo huo. Waliopitia aina nne au zaidi za masaibu utotoni, kama vile kupigwa au kushuhudia mama akidhulumiwa, walikabiliwa na hatari ya uraibu wa pombe na mihadarati mara kadhaa kuliko wasiopitia masaibu hayo.

Kwa hivyo, vita dhidi ya mihadarati haviwezi kuachiwa polisi na mahakama pekee. Huanzia kwa mtoto mchanga na yule anayemlea, na kwa mraibu aliyekosa malezi hayo, huendelea kwa kumpa utulivu, wenzake na shughuli ya kumkimu badala ya lawama.