Abiria wa Khedive Ismail

Jumamosi ya tarehe 12 Februari 1944, mnamo saa nane na nusu mchana, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli ya Khedive Ismail kwa makombora mawili ya chini ya maji, karibu na visiwa vya Maldivi. Meli ilizama kwa dakika mbili hivi. Kati ya watu 1,511 waliokuwamo, 1,297 walikufa, na sehemu kubwa yao walikuwa askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, waliotoka Mombasa wakielekea Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, katika maandalizi ya vita vya Burma. Wanaosimulia maafa hayo hukawia zaidi kwa wauguzi waliopotea, na kwa kamanda wa manowari ya Uingereza Petard, aliyeamua kutupa mabomu ya kuisaka nyambizi mahali palepale walipokuwa wakielea walionusurika. Masuala hayo ni mazito na yanastahili kuandikwa. Lakini askari wa mizinga, waliokuwa wengi kuliko wote, huingia humo kama tarakimu na kutoka kama tarakimu.

Watu wa Mwanza wanajua jambo hili linavyotokea. Meli ya abiria MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio, na aliyelipa nauli ndogo alipotea ziwani akapotea na katika hesabu. Askari wa Khedive Ismail walau aliandikwa. Majina ya zaidi ya 600 yamechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu ulioko Nairobi, na hilo si dogo: mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakuwahi kuandikwa kwa majina. Hata hivyo jina, namba na kikosi havituambii mtu huyo aliishi vipi. Hoja yangu ni kwamba maisha yake yanaweza kuandikwa, na tunawajibika kuyaandika.

Atakayesema huko ni kubuni aangalie ushahidi uliopo. Tanganyika peke yake ilitoa askari wapatao 87,000 katika Vita Kuu ya Pili, wengine kwa hiari, wengine kwa sheria ya utumishi wa lazima. Kijana wa Usukuma aliyeingia jeshini aliacha mashamba ya pamba na kodi ya kila mwaka. Kutoka Mwanza angeweza kupanda treni ya Tabora, iliyofika hapa mwaka 1928, au kuvuka ziwa kwa meli kama Usoga au Rusinga hadi Kisumu, kisha reli ya kwenda pwani. Kambini alikutana na vijana wa Kenya na Uganda, na amri zikatolewa kwa Kiswahili. Haya yote yanathibitika bila kumwekea mdomoni neno hata moja.

Wengine watapinga kwamba askari si abiria, na kwamba vita vile vilikuwa vya wakoloni. Pingamizi la kwanza halina uzito: mpiga mzinga aliye ndani ya meli ya watu, bila mzinga wa kurusha wala usukani wa kushika, alikuwa mikononi mwa nahodha sawasawa na muuguzi. La pili lina ukweli, kwani hakuulizwa kama anakubali Uingereza iingie vitani. Lakini kama hakuulizwa, kosa si lake, na kumwacha nje ya historia yetu kwa sababu hiyo ni kumtwisha uamuzi wa waliomtawala.

Kazi inaweza kuanza kwa orodha ya Nairobi, ikilinganishwa na nyaraka za wilaya na orodha za kodi za machifu, na kwa kuwauliza watoto wa waliorudi kutoka Burma, ambao sasa nao ni wazee, huko Magu, Kwimba, Geita na Ukerewe, baba zao walimtaja nani ambaye hakurudi.