Joseph Warioba na Mfuko wa Halmashauri

Kwa muda mrefu mkazi wa Buguruni aliijua serikali ya mitaa kwa mambo mawili: ushuru aliotozwa sokoni, na shule aliyompeleka mwanawe. Kati ya ushuru ule na shule ile ipo njia ndefu ya sheria, na miongoni mwa walioipita yumo Joseph Sinde Warioba.

Warioba, mzaliwa wa Bunda mwaka 1940, alihitimu sheria mwaka 1966 katika Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, Dar es Salaam. Kitivo cha sheria kilianza mwaka 1961 kwa wanafunzi 14 tu, katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, hatua chache kutoka Kariakoo. Baada ya miaka miwili ya uwakili wa Serikali, alikuwa mwanasheria wa Halmashauri ya Jiji tangu 1968 hata 1970. Kazi ya namna hiyo haina sifa kubwa: sheria ndogo za ushuru, mikataba, wadaiwa wa kodi ya majumba. Walakini hakuna shule iliyo bora kuliko hiyo kwa mtu atakaye kujua halmashauri huishi kwa nini.

Na mambo yalibadilika upesi. Mwaka 1969 kodi ya kichwa na ushuru wa mazao vilifutwa, na halmashauri za wilaya, zilizokuwa zikiendesha shule za msingi, zikabaki kuitegemea Serikali Kuu. Mwaka 1972 zikavunjwa. Na mwaka 1974 ulipokwisha hata za miji hazikuwapo. Soko la Kariakoo likakabidhiwa shirika lake, kwa sheria ya mwaka huo huo. Buguruni nayo ikapata Shule ya Viziwi mwaka 1974, kwa juhudi za chama cha hiari.

Miji ilipozidi kuharibika, halmashauri zake zikarudishwa mwaka 1978. Kisha zikaja sheria za 1982, Namba 7, 8 na 9. Ile ya tisa ndiyo ya fedha: yataja vyanzo vya mapato, tena yaunda bodi ya mikopo. Mwaka 1983 Warioba akawa Waziri wa Sheria na Mwanasheria Mkuu, na mwaka 1984, akiwa katika cheo hicho, serikali za mitaa ziliingizwa katika Katiba, ibara ya 145 na ya 146. Mwanasheria aliyekuwa mtumishi wa halmashauri iliyokuja kufutwa alipata kuona halmashauri zikipewa kinga.

Ila kinga hiyo ilikuwa ya kuwapo tu. Mfuko uliachiwa sheria ya kawaida, ambayo Bunge laweza kuigeuza kila mwaka wa fedha. Na hapo, kwa kweli, ndipo kasoro ilipo. Wala Katiba haikuzuia madiwani wa Dar es Salaam kuondolewa mwaka 1996 na kazi yao kupewa Tume ya Jiji, mwaka ule ule Warioba aliooongoza tume ya kuchunguza rushwa. Kodi ya maendeleo ikafutwa mwaka 2003. Kodi ya majengo ikahamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na mwezi wa Agosti 2021 mwenye nyumba wa Buguruni akaanza kukatwa kodi hiyo anunuapo umeme.