Mwaka wa Majivu: Sayyidna Umar (R.A.) na Njaa ya Madina



Mwezi huu sote tunaonja njaa. Lakini njaa yetu ina saa yake: adhana ya Maghrib ikilia, tende na uji viko tayari. Hebu leo tuiangalie njaa isiyokuwa na adhana ya kuimaliza, tuone waliotutangulia walipambana nayo vipi.

Mwaka wa 18 Hijria (639 Miladia), Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) akiwa khalifa, mvua ilikatika katika nchi ya Hijaz. Ardhi ilikauka mpaka upepo ukawa unarusha vumbi kama majivu, ndipo ukaitwa 'Aam ar-Ramada, yaani mwaka wa majivu. Shida hiyo ilidumu takriban miezi tisa. Mifugo ilikonda ikafa. Mabedui waliokuwa wakiishi kwa maziwa na nyama walibaki mikono mitupu, wakamiminika Madina na watoto wao.

Hapa tuelewane jambo moja. Ukame si njaa. Ukame ni mvua kukosekana, na hilo liko kwa Mwenyezi Mungu (S.W.T.). Njaa ni chakula kutomfikia mwenye kuhitaji, na hilo mara nyingi liko mikononi mwetu. Mwaka ule Hijaz ilikuwa tupu, lakini Sham ilikuwa na chakula. Swali lilikuwa: nani atakileta?

Khalifa alifanya nini?

Kwanza, alijinyima. Aliapa kutogusa samli, maziwa wala nyama mpaka watu wapate nafuu. Akala mafuta ya zeituni mpaka rangi yake ikabadilika. Kiongozi ambaye tumbo lake linanguruma hahitaji kuandikiwa ripoti ya njaa.

Pili, aliwaandikia magavana wake. Wanahistoria wanasimulia kuwa Abu Ubayda (R.A.) alikuja kutoka Sham na ngamia 4,000 waliobeba chakula. Umar akaweka watu wa kusimamia wageni waliopiga kambi pembezoni mwa Madina, wakapikiwa na kuhesabiwa, na wagonjwa wakapelekewa chakula walipolala.

Tatu, alilegeza pale palipohitaji huruma. Hakumkata mkono aliyeiba kwa njaa. Hakutuma wakusanyaji wa zaka kwa wafugaji mwaka ule. Alingoja mpaka mvua irudi na mifugo inawiri.

Nne, aliomba. Alitoka na watu kuswali swala ya kuomba mvua, pamoja na Al-Abbas (R.A.), ami yake Mtume (S.A.W.), na mvua ikanyesha. Baada ya hapo akawapa wageni masurufu na kuwarudisha makwao, wasigeuke ombaomba wa mjini.

Wengi wetu tungeishia hapo: mvua imenyesha, alhamdulillahi, tumesahau. Yeye hakusahau. Misri ilipofunguliwa, Amr bin Al-Aas (R.A.) alifukua kwa amri yake mfereji wa kale uliokuwa umefukiwa na mchanga, ukaunganisha mto Nile na Bahari ya Shamu. Majahazi yakawa yanapakia nafaka ya Misri na kuishusha Al-Jar, bandari ya Madina.

Na sasa sikiliza mwisho wake. Katika karne ya 8 Miladia, watu wa Madina walipoasi, khalifa Al-Mansur aliufunga mfereji ule ule ili chakula kisiwafikie. Mkono wa mwanadamu uliochimba, mkono wa mwanadamu ukaziba!

Na sisi je?

Usidhani hayo ni ya kale tu. Mwaka 1984 mvua ilishindwa Kenya, lakini mahindi ya manjano yaliagizwa nje mapema. Wazee wetu wanayakumbuka mpaka leo. Mwaka 2011 ukame ulitukumba sisi na jirani zetu Wasomali kwa pamoja, lakini Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa kusini mwa Somalia, kwenye vita na njia za misaada zilizozibwa. Kisha tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilitunyima mvua ya kutosha, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa Kaskazini na maeneo mengine makavu ya nchi yetu.

Ukame utarudi. Vijana wenzangu, tujiandae wakati mvua ipo. Tuchimbe mabwawa, tujenge jabia za kuvunia maji ya mvua kama walivyofanya watu wa visiwa vya Lamu. Mfugaji auze sehemu ya mifugo ingali na nyama, asingoje ikonde huku bei ya unga ikipanda. Bima ya mifugo ilianza Marsabit mwaka 2010, na Wajir ikaja kwa njia ya takaful. Tuwaelimishe wazee wetu. Tupande miti kabla ya kuchoma makaa. Na tusisahau mpango wa Nabii Yusuf (A.S.) aliyeweka akiba miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya dhiki.

Ukifuturu leo, jiulize: jirani yako anafuturu nini? Na Ramadhan ikiisha, mfereji wako utaufunga au utauacha wazi?

Mwenyezi Mungu atupe mvua yenye kheri, na atujaalie nyoyo zenye kuwaona wenye njaa. Aamin.