Miaka 47 ya Kuvuka Kizingiti cha Nyumba

Mwaka 1968 tume iliyoongozwa na Jaji Spry iliikabidhi serikali ya Kenya mapendekezo ya sheria moja ya ndoa: iwafae Wakristo, Waislamu, Wahindu na wanaooana kimila. Walioyafanyia kazi kwanza ni majirani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, iliyochota mengi kutoka ripoti hiyo ya Nairobi, ina kifungu kifupi, cha 66, kinachotamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu.

Kenya yenyewe iliukataa mswada wake bungeni mwaka 1976, ikaukataa tena 1979. Bunge lilikuwa karibu lote la wanaume, na baadhi yao walilalamika kwamba mume angezuiwa hata kumpiga mkewe kofi, ilhali kumrudi mke ni desturi ya Mwafrika. Hoja hiyo iliwanyima wanawake wa Kenya kinga kwa zaidi ya miaka 30.

Hata Tanzania haikumaliza kazi. Kifungu cha 66 kinakataza kipigo bila kutaja adhabu. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 107, inatambua ukatili wa mwili na wa akili, lakini kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Aliyeteswa kwa maneno na vitisho angeweza kuvitaja akidai talaka. Aliyetaka kubaki na ndoa yake huku mateso yakome, kifungu hicho hakikumsaidia.

Nchini Kenya miswada ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ya kulinda familia ilikwama. Mwaka 2006 Njoki Ndung'u, mbunge wa kuteuliwa, alifanikisha Sheria ya Makosa ya Kingono, lakini ilipita ikiwa na kipengele kinachowatenga waliooana kihalali: mke aliyebakwa na mumewe aliachwa nje. Mlango ulifunguliwa na Katiba ya 2010. Ibara ya 29 inampa kila mtu haki ya kutotendewa ukatili, uwe unatoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Baada ya hapo kusema kwamba haya ni mambo ya nyumbani kukakosa mguu wa kusimamia. Sheria ya Ndoa ilipatikana 2014, na mwaka 2015 ikafuata Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani.

Sheria hiyo ya 2015 inastahili kusomwa polepole. Inataja kipigo, na pamoja nacho vitisho, kumwandama mtu kila aendako, matusi ya kurudiwarudiwa, wivu wa kupindukia, kumfungia mtu nje ya makao yake, kumnyima fedha anazostahili, wakwe kuingilia ndoa, kurithi mjane kwa nguvu na ukatili wa kingono ndani ya ndoa. Anayeteswa anaweza kuomba mahakama amri ya ulinzi, na kuivunja amri hiyo ni kosa la jinai. Polisi nao wanatakiwa kumweleza mlalamishi haki zake na kumsaidia kupata matibabu na mahali salama.

Mwaka huohuo Uingereza ilichukua hatua nyingine. Mtafiti Evan Stark, katika kitabu chake cha 2007, alikuwa ameonyesha kwamba wanawake wengi hutawaliwa kabla ya kupigwa, au hata bila kupigwa: simu hukaguliwa, mshahara huchukuliwa, ndugu hukatazwa kuja. Tangu tarehe 29 Desemba 2015, kumtawala mwenzi kwa shuruti, tena na tena, hadi aishi kwa hofu, ni kosa la jinai Uingereza na Wales, na kifungo chake kinafika miaka 5. Mahakama hutazama mwenendo mzima badala ya tukio moja.

Hapa ndipo Kenya bado inapungukiwa. Mama akienda kituo cha polisi ana michubuko, hupewa fomu ya P3, ambamo daktari hueleza majeraha na uzito wake. Yule ambaye kwa miaka amenyang'anywa kitambulisho, simu na kadi ya benki hana jeraha la kumwonyesha daktari. Sheria inayataja mateso yake, lakini kinga yake huanzia kwenye ombi mahakamani, na utawala wa kimabavu wenyewe si kosa linalojitegemea. Akirudishwa na askari akaambiwa wakayamalize nyumbani, hata ombi hilo hatalijua.

Bunge linapaswa kuutamka utawala huo kuwa jinai, na kila askari wa zamu afundishwe kuuliza nani anashika fedha, nani anashika simu, na kama mlalamishi yuko huru kwenda kwao. Kutoka mapendekezo ya 1968 hadi sheria ya 2015 ilipita miaka 47. Anayeishi kwa hofu leo hana miaka mingine 47 ya kusubiri.