Nani Amezikwa: Mtu au Mhusika?

Julai 2015 vyombo vya habari vya Kenya vilitangaza kwamba Benson Wanjau amefariki dunia katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, akiwa na umri wa miaka 78. Tangazo likiishia hapo, wengi wangebaki wanaulizana: Wanjau yupi huyo? Ilibidi liongezwe jina la pili, na hapo ndipo nchi nzima ikashtuka. Mzee Ojwang' amekufa.

Kwa miaka zaidi ya ishirini Mzee Ojwang' aliingia sebuleni mwa watu kupitia Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya taifa. Alikuwa mume wa Mama Kayai, mwenye makelele mengi na akili za mkato, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi nzito ya Kijaluo. Jina la Kijaluo, lafudhi ya Kijaluo. Lakini marehemu alikuwa Mkikuyu. Kuna watazamaji waliolijua hilo kwenye tanzia tu, baada ya kumcheka miaka yote.

Katika nchi ambayo ukabila umeshamwaga damu, Mkikuyu aliyekubalika kama Mjaluo kiasi hicho, tena bila kuwadharau Wajaluo, alikuwa amefanya jambo kubwa. Lile lilikuwa zao la kusikiliza: namna watu wanavyovuta irabu, wanavyokasirika, wanavyojitetea wakibanwa. Tatizo ni kwamba kazi yenyewe ilifanikiwa mno. Mhusika akamfunika mtu. Na mtu akishafunikwa, si sifa zake tu zinazopotea. Mkataba wake, malipo yake na kumbukumbu yake navyo vinafunikwa.

Hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo, kwa sababu halikumpata Ojwang' peke yake. Hebu pitia majina ya wachekeshaji tuliowazika Afrika Mashariki: King Majuto, Mzee Small, Sharo Milionea, Papa Shirandula. Ukiulizwa majina yao ya kuzaliwa, utayataja mangapi?

Desturi hii ni ya zamani kuliko televisheni yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya filamu ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili, zikiigizwa na Waafrika wenyewe. Mojawapo ni Muhogo Mchungu, nyingine Chalo Amerudi. Nyota wake alikuwa kijana mtumishi wa idara ya maendeleo ya jamii, Rashid Mfaume Kawawa. Ndiyo, huyohuyo Kawawa. Kutoka kwenye filamu aliingia vyama vya wafanyakazi, kisha siasa za uhuru, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Alipofariki tarehe 31 Desemba 2009, taifa lilimwaga Simba wa Vita.

Kawawa ni mfano wa kinyume. Yeye alimshinda mhusika wake, tena mpaka leo kuna wasomi wa filamu wanaoshangaa wakiambiwa kwamba mmoja wa nyota wa kwanza wa filamu za Kiswahili alikuwa waziri mkuu. Lakini alishinda kwa kuiacha sanaa. Waliobaki humo hawakupata nafasi hiyo.

Kwa nini majina ya wahusika yalishika namna ile? Sababu ya kwanza ni redio. Kabla ya picha, watu walizoea sauti. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, na msikilizaji hakuwa na uso wa kuutazama wala orodha ya waigizaji ya kuisoma. Alikuwa na sauti na jina la mhusika, basi. Jina hilo ndilo lililokwenda sokoni, shuleni na kwenye utani wa mtaani.

Sababu ya pili ni jukwaa la vikundi. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, wakati Kenya ilikuwa nayo tangu 1962. Miaka yote hiyo, kichekesho cha Dar es Salaam kilikuwa kinaishi kwenye baa na kumbi, ndani ya maonyesho ya vikundi kama Muungano, DDC Kibisa na baadaye TOT. Usiku mmoja ungepata ngoma, sarakasi, taarabu, maigizo na vichekesho, kwa kiingilio kilekile. Mchekeshaji alisimama mbele ya watu waliokwisha kunywa, wenye haki ya kuzomea. Hakuwa na andiko la kukariri. Kikundi kilikubaliana kisa, nani anaanza na wapi kinaishia, mengine yalitungwa palepale jukwaani. Kilichombeba kutoka usiku mmoja hadi mwingine ni mhusika wake. Akitokea tu, kabla hajafungua kinywa, ukumbi umeshaanza kucheka.

Huko ndiko ulikotoka ufundi wa kizazi cha King Majuto. Jina lake ni Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga, mwaka 1948, na alianza kuigiza akiwa bado mtoto. Video ilipokuja, mikanda na baadaye DVD, yeye hakuhitaji kujifunza upya. Alihamisha jukwaa likaingia mbele ya kamera. Ukitazama vichekesho vyake kwa makini utaona kamera inamfuata yeye, haimwongozi. Anabadili mada katikati ya sentensi, anamrushia mwenzake jambo ambalo ni wazi hakulitegemea, kisha anangoja kwa uso usio na habari. Kule kungoja ndiko kichekesho chenyewe. Vijana wengi wanaweza kusema maneno yake. Kungoja vile, ni wachache mno.

Sasa tufike kwenye swali ambalo wapenzi wa fasihi tunapaswa kuliuliza zaidi ya watu wengine. Kama maneno yametungwa na mwigizaji palepale, mtunzi ni nani? Sisi tunahangaika na hati, toleo, jina lililo juu ya jalada. Tunajua tenzi zilizopita midomoni kabla ya kuandikwa, na tunamheshimu mtunzi wake hata kama hakushika kalamu. Lakini kwa Majuto tunasema "alikuwa anachekesha", kana kwamba maneno yalikuwa yanadondoka kutoka angani. Kazi yake ilikuwa utunzi. Ni utunzi wa mdomo, uliorekodiwa na mtu mwingine, ukauzwa na mtu mwingine.

Majuto aliugua kwa muda, akapelekwa India kwa matibabu, akafariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, siku ya Nane Nane, akazikwa nyumbani kwao Tanga. Mwaka huohuo waziri mwenye dhamana ya sanaa, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na Majuto alikuwa miongoni mwa waliofanya suala hilo lishike kasi. Jambo lililokuwa likinong'onwa kwa miaka sasa lilisemwa na serikali hadharani: watu wanaotambulika nchi nzima wana mikataba isiyolingana na umaarufu wao.

Jina lingine lililotajwa katika mjadala huo lilikuwa la Steven Kanumba, na hapa ndipo habari inapogeuka. Kanumba hakuwa na mhusika wa kujificha nyuma yake. Alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akapitia Kaole Sanaa Group, kundi ambalo michezo yake ilirushwa na ITV, kisha akaingia kwenye filamu za DVD wakati ambao Bongo Movie ilikuwa inajijenga. Aliigiza na Wanigeria, Mercy Johnson katika Dar to Lagos na Ramsey Nouah katika Devil Kingdom. Aliigiza, aliandika, aliongoza, alianzisha kampuni yenye jina lake. Kwenye kava za DVD, jina KANUMBA lilikuwa kubwa kama la filamu yenyewe, na mnunuzi aliulizia "mpya ya Kanumba" kabla hata hajajua inaitwaje.

Alipofariki usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, Dar es Salaam ilisimama. Watu kwa maelfu walijaa viwanja vya Leaders, Kinondoni, siku ya kumwaga. Hapakuwa na aliyeuliza Kanumba ndiye nani. Kwa hiyo ungetarajia kwamba yeye, aliyelishika jina lake kwa mikono miwili, ameepuka yaliyowapata wazee. Miaka sita baadaye mikataba yake ilikuwa inajadiliwa pamoja na ya Majuto. Jina peke yake halikutosha.

Sababu mojawapo iko kwenye sheria, na si yetu peke yetu. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961, ambao ndio msingi wa haki za waimbaji na waigizaji duniani, una kifungu cha 19 kinachosema kwa ufupi hivi: mwigizaji akishakubali kurekodiwa kwenye filamu, kinga ambazo mkataba huo unampa kwa onyesho hilo zinakoma. Mwanamuziki alibaki na kitu. Mwigizaji wa filamu akabaki na bahasha aliyopewa siku ya kazi, labda mhusika mwenye filamu amwonee huruma. Pengo hilo lilizibwa kwa maandishi mjini Beijing tarehe 24 Juni 2012, ulipopitishwa mkataba wa kimataifa wa kuwalinda waigizaji wa kazi za picha na sauti. Hesabu majuma: ni kumi na moja tu tangu Kanumba azikwe. Mkataba wenyewe ulianza kutumika Aprili 2020. Majuto hakuuona. Ojwang' naye hakuuona.

Sheria zetu nazo zina neno zuri, hakishiriki, yaani haki ya anayeipa uhai kazi pamoja na mtunzi. Ila neno kwenye sheria halisomwi na mtu anayesaini karatasi juu ya boneti ya gari huku kamera inasubiri. Na aliyezoea jukwaa la kikundi, ambako malipo ni mgawo wa kiingilio cha usiku ule, hakuwa na sababu ya kufikiria kwamba usiku wa leo utauzwa tena baada ya miaka kumi.

Ndiyo maana tanzia zetu zinafanana. Kwanza habari za ugonjwa, kisha namba ya simu ya kuchangia, kisha rambirambi. Mzee Ojwang' macho yalipofifia, Wakenya walichangishana apate matibabu. Ni upendo, na mtu asiudharau. Lakini mchango ni sadaka, nao waliwatendea watu kazi. Mfanyakazi anayedai haki yake na mgonjwa anayeombewa msaada ni watu wawili tofauti, hata kama ni mtu mmoja.

Charles Bukeko alilijua hili pengine kuliko wote, kwa sababu ndilo aliloliigiza. Katika Papa Shirandula, iliyorushwa na Citizen kwa zaidi ya muongo mmoja, alikuwa mlinzi wa getini anayeondoka nyumbani amevaa suti ili mkewe aamini ana kazi ya ofisini. Akifika kazini anabadili, anavaa sare. Jioni anavaa suti tena. Kenya nzima ilicheka kwa sababu wengi walimfahamu mtu wa namna hiyo, au walikuwa yeye. Bukeko hakumfanya Papa kuwa mjinga. Alimfanya mtu anayelinda heshima yake kwa uongo mdogo wa kila siku, akijua kwamba siku moja utafichuka.

Alifariki Nairobi tarehe 18 Julai 2020, akiwa na miaka 58, katika miezi ya mwanzo ya Korona, na siku mbili baadaye akazikwa kwao Busia, kwa haraka na kwa uchache wa watu uliolazimishwa na kanuni za wakati ule. Vichwa vya habari viliandika "Papa Shirandula". Si kosa. Lakini tanzia nyingi ziliishia kwenye sare na suti, bila kutaja miaka aliyoitumikia jukwaani kabla ya kamera kumjua, ambayo ndiyo iliyomfundisha kuvaa watu wawili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo tufanyeje sisi tunaoandika? Mikataba hatuwezi kuirekebisha. Tanzia tunaweza. Mshairi akifa tunaandika alizaliwa wapi, alijifunza kwa nani, diwani zake ni zipi, alibadilisha nini katika lugha. Mchekeshaji naye astahili vivyo hivyo: majina yake yote mawili, kikundi alichoanzia, waliomfundisha, kazi zake kwa mwaka, nani aliandika na nani alitunga papo hapo. Na swali moja la ziada ambalo kwa mshairi si la lazima: mikanda iko wapi, na iko mikononi mwa nani? Maana diwani ina nakala maktaba. Mkanda wa VHS unaota ukungu kwenye kabati la mtu, na DVD yenye mikwaruzo haisomeki. Wenye kumbukumbu za vikundi vya miaka ya 1980 bado wako hai, lakini si wengi, na hawawi vijana. Mtu aende akawaulize sasa, na daftari mkononi, kabla nao hawajawa habari ya saa mbili usiku.

Mzee Small alipofariki Juni 2014, waliomjua walisema ucheshi umepata msiba. Ni kweli. Lakini aliyelala pale alikuwa Said Ngamba, na ucheshi ule ulikuwa kazi yake. Aliyeufanya ni yeye.